Vitita Vitatu vya Nili

Leeds, 16 Septemba 2024

Shangazi yangu Khole,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye mvua. Nimefika salama, chumba nimepata kilekile cha mwaka jana, na jirani yangu bado anakaanga samaki saa kumi na mbili asubuhi. Mzima mimi, alhamdulillah, kikohozi tu. Msalimie Azzam, mwambie kaka yangu asinenepe kabla ya harusi maana kanzu yake ya dishdasha imeshapimwa. Msalimie na Nankya, msaidizi wako wa nyumbani. Chapati alizonifungia nimezila zote ndani ya ndege, na bibi aliyekaa pembeni yangu nilimnyima.

Sasa maneno yenyewe. Vile vitita vitatu vya uzi ulivyonipa Agosti nimevipitisha kwenye mashine yetu ya kupima rangi. Shangazi, msimamizi wangu aliwaita watu wa chumba cha pili waje waone! Tumevifua mara ishirini, tumeviweka chini ya taa kali saa mia mbili, na buluu yako haikuchuja, na kupauka imepauka kidogo mno. Ananiuliza siri ni nini. Nimemwambia siri iko kwenye sufuria, Ghubra.

Kwa hiyo sura ya tatu ya utafiti wangu itakuwa juu ya uzi wako. Swali ni hili: mtu anayetia rangi kwa jicho na mkono, hana mizani wala kipimajoto, je, anaweza kurudia rangi ileile mwezi hata mwezi? Mimi nasema anaweza. Msimamizi anasema tuone. Basi nakuomba kila mwezi unitilie vitita vitatu, nili kwanza kisha ganda la komamanga, kama siku zote. Vifunge kwenye karatasi nyeusi mwanga usivifikie, uvitie ndani ya barua. Picha usinitumie. Namwambia kila mtu na wewe nakwambia, kamera ya simu inasema uongo juu ya rangi.

Na usije ukanieleza kila kitu kwenye simu halafu ukaacha kuandika. Sheria ya nyumba uliitunga mwenyewe: simu ya salamu, barua ya maneno.

Mwanao,
Rawya


Ghubra, Maskati, 4 Oktoba 2024

Rawya binti Sleiman, mwanangu wa kulea na wa kudeka,

Nimeipata barua yako na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Ati watu wazima wenye mashine wamekaa wanajiuliza kama Khole anaweza kurudia rangi! Yakhe, mimi natia nili tangu baba yako, Mungu amrehemu, hajajua kufunga vifungo vya kanzu. Bibi yangu alitoka nayo Bahla akaenda nayo Unguja, mama akarudi nayo huku. Hakuna aliyebeba mashine. Walibeba macho yao.

Sote wazima. Joto limeanza kupungua, watu wanatoka. Mchumba wa Azzam, Wijdan, alikuja na mama yake Ijumaa. Mtoto mzuri, ana haya. Niliwatilia kahawa mwenyewe, nyengine ikaenda kwenye sinia maana vikombe vya siku hizi vidogo kama vya kuchezea. Na miguu yangu haina adabu, kila stuli ya nyumba hii inanifuata. Nankya kaziondosha zote kaziweka ukutani, sasa sebule yangu imekuwa ukumbi wa mikutano.

Umeuliza kazi, nakujibu, uwaandikie hao. Nili nailisha tende ndani ya mtungi mpaka itoe povu. Uzi ukiuchovya unatoka kijani, ukipigwa na hewa unageuka buluu unautazama hivi hivi. Nauchovya mara nane. Halafu ndiyo ganda la komamanga na shabu ya kushikisha rangi, na hapo ndipo penye kazi. Ukiuacha kidogo unapata buluu yenye uhai. Ukipitiliza unapata kijani cha mwani. Hakuna saa ya kuangalia. Unautazama, unautoa.

Kofia ya Azzam nshaianza. Unajua kwetu bwana harusi haendi kuozwa na kofia ya dukani. Fundi wa Matrah kanipa kipande cha uzi aliotilia kile kishada cha shingoni mwa dishdasha, nami natia wangu ufanane nao, kofia na kishada viwe kitu kimoja. Niliishonea baba yako, na mtoto wake ntamshonea inshaallah.

Vitita vyako hivi hapa. Rangi ileile.

Shangazi yako,
Khole


Leeds, 11 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Natumai barua hii inakukuta salama wewe na wote wa nyumbani. Kikohozi kimeondoka, baridi imechukua nafasi yake. Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza siku mbili kwa wiki, na kuna mmoja kila nikimwuliza swali anatazama dari.

Ninalo jambo, na sitaki ulichukue vibaya. Vitita vya Oktoba havikufanana na vya Agosti. Mashine inatoa namba. Tofauti ya moja jicho la mtu wa kawaida halioni. Ya Oktoba ni tatu. Imesogea upande wa kijani.

Najua wewe hukubadilisha kitu, kwa hiyo nimekaa nafikiria maji. Maji ya bomba ya Maskati yanatoka baharini yanatolewa chumvi, na mitambo pengine imebadilisha dawa. Au shabu, umenunua dukani kwa nani? Au tende za mwaka huu zina sukari zaidi? Au sufuria mpya? Niandikie kila kitu, hata unachoona hakina maana. Msimamizi alitazama namba akasema "ndiyo", akaenda kunywa chai. Mimi sikuweza kunywa kitu. Sura hii ikianguka sina nyengine, Shangazi, na Mei nasimama mbele ya jopo.

Rawya


Ghubra, 2 Desemba 2024

Mwanangu Rawya,

Salamu za hapa nyingi, wote hawajambo, hata paka wa jirani hajambo.

Namba tatu! Mimi na miaka yangu sabini na moja nimepewa namba tatu kama mtoto wa chuoni. Sufuria ileile. Shabu ileile, ya Mhindi mmoja pale Matrah tangu ujana wake. Lakini kwa kuwa umesema maji, sitaki ukose usingizi kwa ajili ya bomba. Nimemtuma Azzam mpaka Yiti, kwa rafiki yake mvuvi mwenye kisima, kaniletea madumu manne. Njia nzima kalalamika kuwa yeye ni bwana harusi si mchukuzi. Basi Novemba na Desemba nimetia kwa maji ya Yiti, na vitita hivi hapa, sita kwa mpigo.

Nilianguka kidogo nyumbani kwa Bi Sabah, usishtuke, kidato kimoja cha ngazi tu. Majumba ya siku hizi wanajenga ngazi rangi moja na sakafu, wanataka kutuua. Goti limevimba na sasa limenywea.

Kofia imekwisha. Nimeitoboa viua vyote kwa mkono wangu, Nankya kanitungia uzi sindanoni tu. Kila aliyeiona kasema mashaallah. Wijdan aliitazama, akamtazama Azzam, halafu akasema mashaallah. Nimekwambia ana haya. Azzam kaivaa kajitazama kwenye kioo, kanibusu kichwani, hakusema kitu. Kazidiwa, mwanangu.

Ungekuwepo. Lakini usome.

Khole


Leeds, 19 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Hongera, hongera, hongera! Nimelia peke yangu chumbani kama mjinga, harusi ya kaka yangu na mimi nasimamia mitihani ya watoto wa watu. Wanasema wali ulitosha mpaka ukabaki, na ulipoingia ukumbini watu walisimama. Namuomba Mungu awape Azzam na Wijdan kila la kheri.

Nimeona picha. Azzam kapendeza mno. Kwenye picha kofia imekuja kijani na kishada kimekuja buluu, nikacheka peke yangu. Ndiyo maana nasema picha si kitu. Nilimwuliza Azzam kwa simu, "Kofia ilikuwaje?" Akasema nzuri sana, kisha akaanza kunieleza habari za nyama.

Vitita vya maji ya Yiti nimevipima. Vya Novemba vimefika tano. Vya Desemba saba. Kwa hiyo si maji ya bomba, na mimi sasa sijui ni nini. Nimejaribu nili kwa maji ya aina sita hapa maabara, nimejaribu shabu tatu. Mikono yangu buluu mpaka viwiko, watu kwenye basi wanaihama siti yangu.

Nakuomba, Shangazi, mwezi huu ukiweza kuwa makini zaidi kidogo. Vya Februari na Machi ndivyo vitakavyoamua.

Samir, rafiki yake Azzam, anakuja London katikati ya Februari kwa kazi zake, mpe yeye barua.

Rawya


Ghubra, 10 Februari 2025

Rawya,

Hatujambo.

Vitita vitatu hivi hapa, Samir anakuletea. Nimekuwa makini zaidi kidogo.

Mvua imenyesha siku mbili, mabonde yamejaa. Kalamu hii mbaya, usiniulize mwandiko.

Khole


Leeds, 3 Machi 2025

Shangazi yangu,

Ramadhani karim. Mungu atupe nguvu ya kuifunga yote. Huku siku bado fupi, tunafuturu mapema.

Vitita vya Februari nimevipima siku ileile aliyoleta Samir. Tofauti haifiki hata nusu ya moja! Vimerudi pale pale pa Agosti. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Msimamizi kanipa mkono.

Kisha nikakaa chini, na tangu hapo sijasimama vizuri.

Maji yakibadilika, rangi huenda huku na huku. Shabu ikiwa mbaya, kitita kimoja huwa hivi, kingine vile. Yako haikwenda huku na huku. Ilitembea njia moja tu miezi mitatu, kuelekea kijani, na kila mara wewe uliandika kuwa ni ileile. Halafu ghafla mwezi mmoja imerudi yote, na barua iliyokuja nayo mistari yake inateremka mpaka inakaribia kudondoka, na maneno mawili umeyaandika juu ya mengine. Kahawa ilimwagika kwenye sinia. Stuli. Ngazi ya Bi Sabah.

Shangazi, nani katia rangi vitita vya Februari?

Usinijibu kwa maneno, kwa maneno wewe hushindwi. Ndani ya bahasha hii nimekutilia nyuzi kumi na tano. Zimeanzia buluu zimeishia kijani, moja baada ya moja, na nimezichanganya. Kila uzi una karatasi iliyokunjwa mwishoni, ndani mna namba, usiifungue. Mchana, karibu na dirisha la jikoni, wewe peke yako uzipange kutoka buluu mpaka kijani, uzishone hivyo hivyo kwenye kitambaa, unirudishie. Basi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ulikuwa ukituambia tulipokuwa tukificha homa ili twende shule.

Samir anarudi Maskati kesho na barua hii.

Rawya


Leeds, 29 Machi 2025

Shangazi,

Eid Mubarak kabla haijafika. Samir anasema alikupa bahasha mkononi mwako tarehe saba. Leo ishirini na tisa. Nimepiga simu mara nne. Unasema "Mzima mimi, saumu njema," halafu unampa Nankya, na Nankya anasema "Bibi ako sawa," halafu nasikia friji yenu tu. Azzam ananiambia nisome, nisiwe na wasiwasi. Anayetaka nisiwe na wasiwasi aniambie kitu.

Sina habari nyengine. Naogopa tu.

Rawya


Ghubra, 12 Aprili 2025

Mwanangu,

Eid ilikuwa njema. Walikuja watu arubaini na mbili, wamekula, wamechafua, wameondoka. Maandazi alikaanga Nankya.

Bahasha yako niliipata, na nilijua ni mtihani kabla sijaifungua. Mimi nimekulea, hunifundishi hila. Siku ya kwanza nilimpa Nankya azipange. Kazipanga kabla chai haijachemka, tak tak tak, nikazishona, nikaifunga bahasha nikaiweka juu ya friji nimngoje msafiri. Imekaa pale siku tatu. Kila nikipita naiona, na nilikuwa nimefunga, na nikaona huu uwongo nitaufungaje nao? Nikaiteremsha, nikafumua yote, nikakaa dirishani nikapanga mwenyewe.

Ilinichukua asubuhi nzima. Kuna nyuzi saba au nane za katikati, wallahi Rawya, kwangu mimi ni uzi mmoja. Nimeziweka kama mkono ulivyopenda. Nimekushonea nilivyoona. Ndiyo hiyo ndani ya barua.

Februari katia Nankya. Nilimpa kipande cha Agosti, nikamwambia nambie kikifanana. Yeye alikuwa haoni vizuri kukudanganya, alinambia, "Bibi, Rawya atajua." Nikamwambia aniachie miye. Ana jicho yule mtoto, ajabu, sijaona. Huko kwenu utakapoandika, andika na jina lake, si langu tu.

Sasa hili jengine. Mwaka juzi daktari alinipima akasema nna presha ya macho. Akanipa dawa ya matone, asubuhi na jioni, nisiache hata siku moja. Ikaja Ramadhani ya mwaka jana, nikaogopa matone kunifunguza, nikayaacha. Wengine wanasema hayafunguzi, mimi sikuuliza, nikayaacha tu. Ikaja Eid na wageni. Ikaja safari yako. Chupa ikakauka. Jicho halikuwa likiuma, Rawya! Jino likiuma utakimbia, tumbo likiuma utakimbia. Kitu hakiumi, ningejuaje kama kinanila?

Mwaka huu nilishajua, lakini nilishajua pia kuwa nikikwambia utafunga begi siku hiyo hiyo. Baba yako alifariki anataka kuona jina lako na hilo neno daktari mbele yake. Nikasema nisubiri Mei ipite. Ndiyo maana, na hakuna jengine.

Usije. Nakwambia usije.

Khole


Leeds, 20 Aprili 2025

Shangazi,

Barua hii naituma kwa wale wanaoleta mpaka mlangoni, ikufikie wiki hii.

Nimefungua namba. Nne za mwanzo ziko sawa. Baada ya hapo ni saba, kumi na moja, tano, kumi na mbili, sita, tisa. Sikuendelea kusoma, nilikwenda kuosha uso. Nimempigia Azzam, na si kwa salamu. Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa mlangoni kwako, ameshachukua nafasi kwa daktari wa macho, na ukisema una wageni atakusubiri sebuleni mpaka waondoke. Matone hayangoji Mei.

Na mimi nina la kusema, na ni baya kuliko lako.

Ile picha ya harusi. Niliandika kuwa kamera inasema uongo. Ni kweli, lakini ikisema uongo, inausema kwa vitu vyote vilivyomo ndani ya picha. Kofia na kishada vilikuwa kwenye picha moja, mwanga mmoja. Kishada kilikuwa buluu. Kama kamera ndiyo iliyokosea, kishada nacho kingekuwa kijani. Jambo hili ninawafundisha watoto wa mwaka wa kwanza, wiki ya pili. Nililijua pale pale, Januari, simu ikiwa mkononi. Nilijua wewe huwezi kuitoa kofia hiyo mkononi mwako kama unaiona.

Nikaizima simu. Nikakuandikia habari za wali, nikakuambia uwe makini zaidi kidogo. Kwa sababu nilitaka vitita vya Februari na Machi. Kwa sababu nikisema jicho, sura ya tatu imekufa. Nilipata hizo namba zangu, na wewe ukapoteza miezi mitatu ya macho.

Nimemweleza msimamizi yote. Sijui atasema nini, na leo sijali. Nisamehe au usinisamehe, lakini nenda Jumatatu.

Rawya


Ghubra, 8 Mei 2025

Rawya binti Sleiman,

Salamu kwanza, hata ukiwa na hasira mtu husalimiwa. Hatujambo. Joto limeingia.

Nimekwenda. Wamenipima mpaka nikachoka, wamenitia kidevu kwenye chuma, wamenimulika. Jicho la kulia limekwenda zaidi ya nusu, pembeni kote hakuna kitu. La kushoto lina nafuu. Kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kinashikwa kwa dawa, na pengine watanipasua la kulia, wataamua mwezi ujao. Daktari ni mwanamke mdogo kama wewe. Alisema ningekuja mapema. Nikamwambia mwanangu, lawama siihitaji, ipo nyumbani kwetu tele.

Tulipotoka nilimwuliza Azzam ndani ya gari. Nikamwambia, kofia yako ilikuwa rangi gani? Kashika usukani. Nikauliza tena. Kasema, "Kijani, Shangazi." Alijua tangu siku ya kioo. Wijdan alijua. Bi Sabah alijua, na yule mpiga picha alimwambia Azzam avue kofia kwa baadhi ya picha, akakataa ili nisione vibaya. Ukumbi mzima ulijua! Walinisimamia nilipoingia, na mimi naingia na kofia ya kijani kichwani mwa mtoto wangu nikijiona Khole. Na wewe ulijua huko huko kwenye mvua.

Nimekasirika. Nimekusamehe, na nimekasirika, vyote viwili viko ndani ya nyumba hii wala havigombani. Lakini hili nakwambia wewe, na Azzam nshamwambia. Nyote mmeniheshimu. Heshima yenu imenila jicho. Mlikuwa mkinibusu kichwa na kunyamaza, kama mtu anavyomtia maiti manukato. Mimi mzee, sijafa. Mtu akiniona nimevaa nguo nje ndani anambie, si anisifie kitambaa.

Sura yako iandike. Iandike yote, jicho na Nankya na kofia. Waliuliza kama mtu anaweza kurudia rangi ileile. Waambie anaweza, na waambie ilivyokuwa aliposhindwa.

Na hiki hapa kitita kimoja. Jana nimekitia peke yangu. Nankya nilimpeleka sebuleni nikamfungia mlango. Mimi naona buluu, na buluu nzuri, ya zamani. Nimewauliza. Azzam kasema inapendeza. Bado! Hata baada ya daktari. Wijdan kasema mashaallah. Nankya kaniangalia muda, kasema, "Bibi, mpelekee Rawya aseme."

Basi sema. Mashine usiitie mkono. Tazama kwa macho yako uniandikie, usinizungushe.

Khole


Leeds, 17 Mei 2025

Shangazi,

Nimekitoa kwenye karatasi nyeusi, nimekipeleka dirishani, saa sita mchana, na leo jua lipo. Nimekitazama mpaka macho yakaniuma, nikitafuta neno lingine.

Ni kijani, Shangazi. Si kidogo. Ni kijani.

Rawya